Sijaula: majibu kwa mdogo wangu anayetaka kuja Ujerumani kutafiti ubongo

Mdogo wangu, nimeona ulichoandika kwenye grupu la ukoo. Umemaliza digrii, unataka kuja huku kufanya utafiti wa picha za ubongo, unauliza uanzie wapi. Chini yake shangazi kaongeza kwamba mtu anayechunguza bongo za Wazungu hawezi kukosa hela ya bati. Baba mdogo naye kabandika picha ya filamu ya MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku) iliyoshikiliwa dirishani, anataka nimwambie kama mgonjwa atapona. Shikamooni wakubwa. Najibu wote kwa mkupuo.

Naanza na baba mdogo, maana hilo linaweza kuua mtu. Mtafiti wa picha za ubongo hatibu, na haruhusiwi kutoa majibu ya mgonjwa. Hata picha zetu si za kumtibia mtu. Mshiriki analala ndani ya sumaku ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), anapigwa picha moja ya umbo la ubongo kwa dakika tano hivi, kisha picha mfululizo za kazi ya ubongo, moja kila sekunde mbili, dakika nane au kumi. Tunatafuta tofauti kati ya kundi na kundi. Mtu mmoja peke yake hatuambii mengi. Filamu ya dirishani ndiyo haina maana kabisa. Kabla hamjatoka hospitali ombeni CD yenye faili za DICOM, yaani picha zenyewe za kompyuta, mpelekeeni mtaalamu wa radiolojia. Na siku mdomo wa mtu ukipinda, mkono ukalegea, maneno yakagoma kutoka, huenda ni kiharusi: kimbilieni hospitali, msingoje nijibu ujumbe. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda huchomwa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na picha ya ubongo, kwa kawaida CT scan (picha ya eksirei ya kompyuta), lazima itangulie, kwa sababu mshipa ukiwa umepasuka dawa hiyohiyo inammaliza mgonjwa.

Sasa wewe. Sayansi yenyewe utaiweza. Kinachowang'oa watu huku ni mkataba. Nafasi ya uzamivu (PhD) mara nyingi ni ya miaka mitatu, na kwenye fani hii ni kawaida kulipwa asilimia 65 ya mshahara wa E13, daraja la serikali la wenye shahada, huku kazi ikiwa ya siku nzima. Ikishakatwa kodi, bima ya afya na pensheni, unabaki na euro elfu mbili na kidogo kwa mwezi. Toa pango, toa chakula, toa euro 18.36 za redio na televisheni hata kama huna televisheni. Shangazi, hicho kinachosalia ndicho mnachokiita utajiri, na ndicho kinachogawanywa kwa ada, msiba na bati.

Kuna sheria ya mwaka 2007 ya mikataba ya muda ya watafiti. Inakupa miaka sita kabla ya uzamivu na sita baada yake, tisa kwa watu wa tiba, na kila mtoto anaongeza miwili. Ikiisha, chuo kikuajiri kwa kudumu au kikutafutie fedha za mradi, la sivyo kwaheri. Ajira za kudumu ni chache mno. Mwaka 2021 wenyeji wenyewe walijaza mitandao kwa kilio cha "Mimi ni Hanna" kuhusu jambo hilihili, Hanna akiwa mtafiti wa kubuni kwenye video ya wizara. Lakini Hanna mkataba ukimwishia anahamia kwa mama yake hadi apate mwingine. Wewe kibali chako cha ukaazi kimeandikwa kufuata mkataba. Mkataba ukifa, nacho kinayumba.

Kwa hiyo usije. Au kama utakuja, shika haya. Ukipewa kuchagua kati ya ufadhili na ajira, chukua ajira hata kama ufadhili unasikika mtamu, kwa sababu ufadhili hauchangii pensheni, na kibali cha kudumu kinahesabu miezi ya michango. Ukimaliza uzamivu ukapata mkataba wa mshahara kamili, omba Kadi ya Buluu, kibali cha ukaazi cha wataalamu: kwa hiyo unaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miezi 27 ukiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1 (ya kuanzia), au 21 ukiwa na B1 (ya kati). Maabara nzima itakuongelesha Kiingereza, usidanganyike. Kadi ikikaribia kuisha, omba mpya mapema na utunze ushahidi wa tarehe. Ukiomba kabla haijaisha, ya zamani inaendelea kukulinda hadi wakuamulie. Omba wakupe cheti cha kuthibitisha hilo. Ukichelewa siku moja, umeyataka.

Ukija kwa umahiri (master's) ni hesabu nyingine: euro 11,904 zinafungiwa benki kuthibitisha utajikimu mwaka mzima, unatolewa 992 kila mwezi. Msiuze shamba kwa ajili hiyo. Uzamivu wenye ajira hauzidai.

Kazi yenyewe ni kompyuta kuliko mashine. Adui mkubwa ni kichwa kutikisika. Nusu milimita tu inatosha kutengeneza mawasiliano ya uongo kati ya sehemu za ubongo, na picha iliyotikisika hulionyesha tabaka la kijivu kuwa jembamba kuliko lilivyo. Mgonjwa wa Parkinson anatetemeka, mzima hatetemeki. Ukiwalinganisha bila kuchuja picha zilizotikisika, utatangaza kwamba ubongo umesinyaa kumbe umepima mtikisiko. Watu wamechapisha makala kwa kosa hilo.

Jifunze ukiwa nyumbani, ni bure. Pakua picha za watu ishirini kutoka OpenNeuro, hazina ya wazi mtandaoni, weka Linux (mfumo endeshi wa kompyuta), endesha FreeSurfer, programu ya kupima umbo la ubongo. Kila ubongo utakula saa sita hadi kumi. Umeme ukikatika, kwenye folda ya scripts kutabaki faili linaloanza na IsRunning. Lifute, la sivyo programu itakataa kuendelea. Kisha fungua picha moja moja ukague mistari ya mpaka wa ubongo kwa macho. Inapokosea sana ni karibu na macho na pembeni juu ya masikio, na hapo ndipo mvivu hujulikana.

Kuna jambo linanichoma na silisemi kwenye grupu. Kazi kubwa zaidi haiko huku. Blantyre, Malawi, mashine ya tesla 0.35 tu ndiyo iliyoonyesha kwamba watoto wengi wanaouawa na malaria ya ubongo huwa ubongo wao umevimba. Matokeo yakachapishwa 2015. Mbarara, Uganda, wameunganisha mashine ya sumaku za kudumu isiyohitaji heliamu ya kupozea, kwa ajili ya watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Kifafa kinacholetwa na minyoo ya nguruwe kwetu ni kingi, na vifuko vya minyoo hiyo ubongoni vilivyogeuka chokaa huonekana vizuri zaidi kwenye CT scan kuliko kwenye MRI ya mamilioni. Hakuna anayeamka huku akiwaza hayo. Kwa hiyo njoo, jifunze, urudi. Najua anayekuambia urudi yuko wapi, usinikumbushe.

Barua kwa profesa iwe mistari kumi: umesoma makala yake ipi, swali lako ni lipi, na kiungo cha zile bongo ishirini pamoja na ulizozitupa na sababu ya kuzitupa. Usitume barua moja kwa watu hamsini, wanafahamiana. Jina langu usilitaje. Rasimu nitumie Ijumaa jioni, nitaikatakata, usinune.