Nilikuwa samaki, sasa bwawa lanitoa roho

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47, nina watoto watatu, naishi Mombasa. Nimekulia Kibokoni, na utotoni nilikuwa nikishinda baharini na kaka zangu hadi adhana ya magharibi. Nilipovunja ungo nikakatazwa, na tangu siku hiyo sikurudi. Hata wanangu hakuna ajuaye kuogelea. Sasa magoti yananiuma, natumia dawa za presha, na daktari ameniambia nitafute zoezi lisilotesa magoti. Mwezi uliopita nikaenda bwawani hotelini. Nilivuka mara moja tu, ukuta hadi ukuta, moyo ukataka kunitoka mdomoni. Binti yangu wa miaka 17 alikaa kando ananicheka. Mume wangu hajakataa, ila ameuliza, "Utu uzima huu?" Hata nguo ya kuvaa sijui. Je, niache?*
*Aliyekuwa Samaki, Mombasa*

Marahaba, mwanangu. Usiache. Ila kwanza nikueleze kilichokupata siku ile, maana naona umeshajihukumu.

Kuogelea hukukusahau. Bwawa ndilo ulilokuwa hulijui. Sisi watoto wa baharini tunaogelea kichwa juu, jicho kwenye wimbi na ngalawa, pumzi tunavuta tunapotaka. Tena maji ya chumvi ni mazito kuliko maji yasiyo na chumvi, humbeba mtu vizuri zaidi. Bwawani mwili unazama kidogo zaidi ya ulivyozoea, nawe kwa woga unanyanyua kichwa, na kila ukinyanyua kichwa miguu inashuka. Ukawa unapanda mlima ndani ya maji. Halafu, na hapa niko tayari kuapa, ulibana pumzi. Wengi wanaorudi majini baada ya miaka hufanya hivyo: anavuta hewa, anaifungia kifuani, anapiga mikono kama anayefukuzwa. Ule moto wa kifuani mwingi wake unatokana na hewa chafu ambayo hukuitoa.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usivuke popote. Simama maji yanapofika kifuani, shika ukuta, tia uso majini, utoe pumzi taratibu kwa pua na mdomo mpaka mapovu yaishe. Geuza uso kando, vuta, rudi tena. Mara 20, pumzika, mara 20 nyingine. Mimi niliporudi nikiwa na miaka 52 nilifanya hivyo siku nne mfululizo, kando ya watoto wa shule waliokuwa wakijirusha majini, hadi mmoja akaniuliza, "Bibi, umepoteza kitu huko chini?"

Magoti, daktari wako kasema kweli. Ukisimama maji yakiwa kifuani, miguu inabeba kama theluthi moja tu ya uzito wako, kwa hiyo hata kutembea majini kwenda na kurudi ni zoezi, usilidharau. Lakini lile teke la chura, la kukunja magoti na kuitupa miguu nje, liache kwanza. Watu wa umri wetu tunalikimbilia kwa kuwa kichwa kinabaki juu na nywele hazilowi, kisha usiku goti likivimba tunasingizia baridi ya maji. Piga mateke madogo yaanzie nyongani, mguu umenyooka bila kukakamaa. Ukichoka, lala chali uelee.

Kuhusu presha sitaki mchezo. Rudi kwa daktari yuleyule umwambie zoezi ulilochagua ni kuogelea, na umtajie kila kidonge unachomeza. Mtu akiingia majini na kulala, damu nyingi ya miguuni hurudi kifuani na moyo hufanya kazi tofauti na mtu anapotembea barabarani, lazima ajue. Baadhi ya dawa za presha pia hupunguza kasi ya mapigo, kwa hiyo kujipima kwa kuhesabu mapigo kunaweza kukudanganya. Jipime kwa maneno. Ukifika ukutani ukaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, nenda tena. Huwezi, ngoja. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, toka na uite mtu, heshima utaitafuta baadaye.

Mita usihesabu, mabwawa mengi ya hoteli hayafiki hata mita 25. Hesabu dakika. Dakika 20, mara tatu kwa wiki, nyingi ukiwa umeegemea ukuta, na uende hivyo mwezi mzima.

Nguo ni jambo dogo. Usiingie na buibui wala dera: kitambaa kikilowa kinakuvuta chini na kukufunga miguu, na mabwawa mengi hayakubali. Kuna burkini, vazi lililobuniwa Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, baada ya kumtazama mpwa wake akihangaika kucheza netiboli na hijabu. Uliza mlangoni kama wanairuhusu, na kama wana saa za wanawake, kabla hujatoa pesa yako.

Najua moyo wako uko baharini. Utarudi, ila si mwezi huu, na si kwa kumbukumbu za utotoni. Kusi ikivuma maji huchafuka. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yanapokupwa yanakimbilia milango ya mwamba na kukuchukua nayo. Ngoja maji mafu, siku ambazo bahari haipandi wala kushuka sana, ingia yanapokaribia kujaa, baki ndani ya mwamba, na usiende peke yako. Mkondo ukikuvuta, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke.

Mumeo ameuliza, hajakataza. Mjibu kwamba magoti nayo ni ya utu uzima, kisha umwombe akupeleke.

Sasa binti yako. Umeliandika kwa haraka, kwamba hakuna mwanao ajuaye kuogelea, ukapita. Mimi nimesimama hapo. Umelea watoto watatu kisiwani, maji pande zote, nao hawajui! Sikulaumu, ulikatazwa, nawe ukawarithisha marufuku bila kukusudia. Lakini Jumamosi ijayo msichana asikae kando tena. Mtafutie mwalimu wa pale bwawani, aingie upande wa maji mafupi, akushikilie kisigino unapojifunza kuelea chali, kisha mbadilishane. Acha acheke mpaka maji yamfike kidevuni.