Mbembeo wa kwanza ulinidanganya

Juzi msomaji mmoja aliye kwenye majaribio ya umeme na sumaku ameniandikia: "Galvanomita yetu ya balistiki ni mbovu, kila tukipima uga sumaku inatoa jibu dogo." Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Maneno karibu hayo hayo niliwahi kuyaandika mimi kwenye daftari la maabara, na aliyeyasoma hakunihurumia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa fizikia. Kazi ilikuwa kupima uga sumaku kati ya ncha mbili za sumaku kubwa. Unaweka koili ndogo ya kupimia katikati ya ncha, unaichomoa ghafla, chaji inasukumwa kupitia galvanomita, na doa la mwanga, linaloakisiwa na kioo kidogo kwenye koili ya galvanomita yenyewe, linaruka kwenye skeli iliyo mita moja mbele. Unasoma liliporuka likafika. Basi.

Nilikijua kifaa hicho kuliko wenzangu wote, na sioni aibu kusema hivyo. Galvanomita ya kawaida hupima mkondo: sumaku iliyo ndani inaizungusha koili yake, utepe inaponing'inia unaivuta irudi, nguvu mbili zinapolingana unasoma. Ya balistiki haisubiri kulingana. Koili yake ni nzito kuzungusha na utepe wake ni laini, kwa hiyo mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, ni wa polepole. Yangu ilichukua sekunde 12. Chaji yote hupita ndani ya kipande kidogo cha sekunde, koili ikiwa haijasogea hata kidogo. Ni kama mtoto kwenye bembea aliyesukumwa mara moja tu: mkono umeshaondoka, ndipo safari inaanza. Umbali atakaofika unakuambia alisukumwa kwa kiasi gani. Hapo pembe ya mbembeo wa kwanza inakwenda sambamba na chaji, si na mkondo.

Ili kujua sentimita moja ya skeli ni chaji kiasi gani, nilichukua kapasita (chombo cha kuhifadhi chaji) ya maikrofaradi 0.5, nikaichaji kwa volti 2, nikaiachia kwenye galvanomita. Maikrokulombi 1, milimita 160. Safi. Nikaitoa kapasita, nikaunganisha koili ya kupimia, nikachomoa, nikapata milimita 96. Hesabu ya uga ikaleta tesla 0.21. Kipimo cha kielektroniki cha maabara kilionyesha 0.35.

Nikaandika kuwa galvanomita ni mbovu. Msimamizi akasoma kwa sauti mbele ya kundi zima, akauliza: "Mbovu ni kipi hapa, chombo au mshika chombo?" Wakacheka. Miaka imepita na bado nawasikia.

Jioni ile nilibaki peke yangu. Nilirudisha kapasita, nikaachia chaji, nikakaa kulitazama doa. Likaenda kulia, likarudi kushoto, likaenda tena. Dakika ikapita, bado linabembea. Nikaweka koili ya kupimia. Doa liliruka 96 upande mmoja, 26 upande wa pili, kisha likatulia kama limechoka. Chombo kile kile, utepe ule ule!

Koili ya galvanomita, inayozunguka ndani ya sumaku, ni jenereta ndogo. Ukiipa saketi iliyofungwa, inatoa mkondo, na mkondo huo unapinga mwendo ulioutoa, kama mwanafizikia Lenz alivyofundisha. Hiyo ndiyo breki. Kapasita haikuipa njia ya maana. Koili ya kupimia, yenye ukinzani mdogo, iliipa barabara pana. Mbembeo wa kwanza ulikuwa unakatwa kabla haujafika, nami nikausoma kwa rula ya saketi nyingine. Kosa halikuwa la chombo.

Kuna namna ya kurudisha kilichoibwa. Chukua logi asilia ya uwiano wa mbembeo mmoja na unaoufuata upande wa pili, iite lamda. Zidisha mbembeo wa kwanza kwa jumla ya 1 na nusu ya lamda. Kwenye kapasita lamda yangu ilikuwa karibu 0.02, haifai hata kutajwa. Kwenye koili ya kupimia ilikuwa 1.3, na jibu likapanda kutoka 0.21 hadi 0.34. Nilipiga meza. (Kanuni hiyo ya mkato ni ya lamda ndogo, na 1.3 si ndogo. Hesabu kamili inatoa kizidisho cha 1.63 badala ya 1.65, kwa hiyo niliponea chupuchupu.) Ripoti ya pili niliiweka mezani kwa msimamizi bila kusema neno. Naye hakusema neno.

Sasa, ushauri. Pima lamda. Ipime tena kila unapobadilisha saketi. Nasema tena kwa sababu mtaruka: ukibadilisha ukinzani umebadilisha breki, na ukibadilisha breki, milimita zako si zile tena. Lililo bora zaidi ni kusawazisha skeli kwa solenoidi (koili ndefu ya waya) ambayo koili yake ya pili inabaki imeunganishwa mfululizo na koili ya kupimia tangu mwanzo hadi mwisho, ili breki iwe moja. Na mchomoe koili haraka kweli, si kwa madaha. Ninyi mnaotaka jibu kabla ya kulitazama doa likibembea mnanisikitisha. Mnakuja na kikokotoo mkononi, hamna hata subira ya dakika mbili.

Msomaji wangu anauliza kama aiondoe breki yote. Hapana. Ikizidi hadi koili irudi bila kuvuka sifuri, mbembeo wa kwanza unabaki asilimia 37 tu ya ule usio na breki. Ikikosekana kabisa, utangoja doa litulie hadi chai ipoe. Iache ndogo, na weka swichi ya kuunganisha ncha mbili za galvanomita: ukiibonyeza doa linapopita sifuri, linasimama papo hapo. Kisha nitumie mbembeo wako wa kwanza na wa pili, pamoja na ukinzani wa saketi nzima. Kapasita iweke pembeni kwanza.