Wino wangu unaopitisha umeme unagoma baada ya wiki

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchapa fulana hapa Ligula, Mtwara. Najaribu kutengeneza kihisi cha mwanga cha plastiki, cha kutenganisha korosho nyeupe na zilizobabuka. Nimechapa wino wa PEDOT:PSS, ule wa plastiki inayopitisha umeme, juu ya plastiki ya PET kwa fremu yangu ya kawaida. Siku ya kwanza mita ilisoma omu 300, wiki iliyofuata 900. Je, ninunue plastiki iliyopakwa ITO?

JIBU: Fundi, tunza hela yako kwanza. ITO, yaani oksidi ya metali za indi na bati, inayopitisha umeme na mwanga, hupakwa kwa mashine ya ombwe, nayo ni kama kigae: ikunje mara chache tu, inaanza kupasuka. Halafu kihisi si sola, mkondo wake ni mdogo. Kikitoa maikroampia 10, kwenye omu 300 unapoteza milivolti 3. Kwenye 900, milivolti 9. Hakuna korosho itakayopotea kwa hapo.

Mbona basi namba inapanda? PSS, ile sehemu ya pili ya wino wako, inapenda maji, na hewa ya pwani yetu unaijua: chumvi ya mezani tu inashikana. Ikifyonza unyevu, inavimba na kuzitenganisha chembe za PEDOT zinazobeba umeme. Bana plastiki juu ya kioo isijikunje, iweke kwenye oveni ya digrii 100 hadi 120 kwa dakika 10, upime ingali vuguvugu. Ikirudi karibu na 300, mchawi ni unyevu. Hifadhi kwenye chupa yenye silika jeli mpaka utakapoiziba kabisa. Isiporudi, angalia ncha, pale unapounganisha waya. Wino huu ni tindikali, na kama umetumia mkanda wa shaba huenda umeshaota kijani. Weka wino wa kaboni.

Na usichomeke sindano za mita moja kwa moja, zinakwaruza. Paka kaboni kwenye kingo mbili zinazotazamana za kipande cha mraba, pima hapo. Mraba uwe mdogo au mkubwa, jibu ni lilelile, mradi unene haubadiliki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi. Tabaka linalohisi mwanga, utakaloliweka juu ya wino huu, litakuwa na unene wa nanomita mia chache. Unywele una makumi ya maelfu. Punje moja ya vumbi au donge la wino hulitoboa, tabaka la umeme la juu na la chini yanagusana, na kihisi kinatoa mkondo hata gizani. Hapo hakitofautishi kitu. Chuja wino, futa plastiki kwa spiriti, na usichapie karibu na watu wanaochoma korosho, maana moshi wa yale maganda una mafuta.

Mwanga utapitia kwenye wino, lakini rangi yake ya kibuluu isikusumbue. Inakula zaidi mwanga mwekundu, na korosho iliyobabuka hujitenga na nyeupe hasa kwenye mwanga wa buluu. Tumia taa ya LED ya buluu. Kabla ya kuwasha, funika kihisi kwa kitambaa cheusi upime; namba ya gizani ndiyo nitakayotaka kuiona ukiniandikia tena.