Saini za marubani kwenye kitabu cha michoro: ni za mkono au za mashine?

SWALI: Marehemu mjomba aliishi Uingereza miaka mingi. Aliporudi Tanga alikuja na kitabu kikubwa cha michoro ya Robert Taylor, chenye ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili, kilichochapishwa 1987. Ukurasa wa mwanzo una saini mbili: Douglas Bader na Adolf Galland. Nitajuaje kama ni za kweli? Jamaa mmoja ananishauri nikate kurasa nzuri, niziwekee fremu na kuziuza mojamoja.

JIBU: Kwanza weka mkasi chini, ndugu yangu. Tuanze na saini.

Kabla ya lenzi, tazama tarehe. Bader, Mwingereza aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya 1931 kisha akarudi vitani kwa miguu ya bandia, alifariki Septemba 1982. Kitabu chako kilitoka miaka mitano baadaye, kwa hiyo mkono wake haukuugusa ukurasa huo. Galland, rubani Mjerumani, aliishi hadi 1996, yeye angeweza.

Hata hivyo, usikate tamaa upesi. Pitisha ncha ya kidole kuzunguka saini. Ukihisi ukingo, hicho ni kipande cha karatasi kilichobandikwa, na Bader alisaini karatasi nyingi enzi za uhai wake, zikiwemo chapa, yaani nakala zilizochapwa, za mchoro wa Taylor wa ndege ya Spitfire. Jina lake kukaa pamoja na la Galland si ajabu pia. Agosti 1941 Bader alianguka Ufaransa akawa mateka, na Galland, aliyeongoza kikosi cha Wajerumani eneo hilo, alimkaribisha kambini kwake na kumruhusu aketi ndani ya ndege ya kivita ya Messerschmitt. Baada ya vita wakawa marafiki. Nakupa kisa hiki kwa sababu watu huzitupa karatasi za aina hii wakidhani maadui hawawezi kusaini pamoja.

Sasa chukua lenzi ya kukuza mara kumi, kama ya sonara. Ukiona mistari ya saini imeundwa na vinukta vya samawati, pinki, manjano na vyeusi, hiyo imechapwa na mashine. Usipoona vinukta, bado usishangilie: mashine huweza kuchapa saini kwa wino mweusi mtupu. Hiyo utaitambua kwa weusi ulio sawa mwanzo hadi mwisho, hata pale mistari inapokatana. Wino wa kalamu hukolea kwenye makutano na pale mkono uliposita. Kalamu ya bik huacha mfereji. Zima taa ya juu, mulika tochi kutoka ubavuni, utauona. Penseli hung'aa kijivu ukiinamisha karatasi, na chembe zake hukaa juu ya nyuzi za karatasi bila kujaza mabonde. Saini ya Taylor iliyo ndani ya mchoro wenyewe usiihangaikie, hiyo imepigwa picha pamoja na mchoro.

Vipimo hivi vinakuambia kama mkono wa mtu uliandika. Ni mkono wa nani, hilo linahitaji kulinganishwa na saini zake zinazojulikana.

Kuhusu kukata, nakusihi usifanye. Chapa zenye thamani zilitolewa kwenye karatasi nene za peke yake, zikiwa na namba ya penseli pembeni. Ukurasa wa kitabu haugeuki kuwa chapa hiyo kwa kuwekewa fremu, na mwanga wa sebuleni utafifisha rangi zake. Kitabu kizima, chenye jina la mjomba wako ndani kama aliliandika, kinabeba historia ambayo kipande hakina.

Kwa Tanga adui mkubwa ni unyevu. Karatasi hii ya kung'aa ina tabaka la udongo mweupe. Ikilowa, kurasa hugandana na kuzibandua ni kuzichana. Kilaze rafuni mbali na ukuta wa nje, usikifunge ndani ya nailoni, na ukifungue mara kwa mara kipate hewa. Kipande kilichobandikwa, kama kipo, usikibandue. Kipige picha kwa mwanga wa ubavuni, ukingo uonekane, unitumie.