Bibi anasema mtoto hatolewi nyumbani na njaa

SWALI: Shikamoo Mama. Mwanangu wa kiume ana miaka 5. Magego yake mawili ya chini yametoboka, usiku analia huku ameshika shavu. Tulipompeleka kwa daktari wa meno hapa mjini aligoma kufungua mdomo, akampiga daktari teke, ganzi ikashindikana. Tumepangiwa turudi Alhamisi saa 3 asubuhi, atapewa dawa ya kunywa ya kumlegeza ndipo atibiwe, na tumeambiwa aje bila kula. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hataki hata kusikia. Anasema mtoto hatolewi nyumbani na njaa, kwamba wapo watoto waliopigwa nusu kaputi wasiamke, na kwamba hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe. Baba yake naye anataka tumwambie mtoto tunakwenda kununua viatu. Nifanyeje? Na kurudi, naweza kumpakia kwenye bodaboda?
Mama wa Kitindamimba, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Nimekuwa nesi wa usingizi hapa Moshi kwa miaka mingi, kazi yangu ikiwa kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa na kutazama anavyopumua. Kwa hiyo nianze na hilo la njaa, maana ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote uliyoandika.

Mtu akiwa macho, chakula kikipanda kooni anakohoa au anameza tena. Dawa ya kulegeza inaufanya ulinzi huo usinzie. Mtoto akitapika akiwa katika hali hiyo, uji au maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo tumetoka kwenye habari ya jino tumeingia kwenye habari ya uhai. Ndiyo maana tunataka chakula kikae mbali kwa saa 6 au zaidi. Kwa miadi ya saa 3 asubuhi, maana yake ale chakula cha jioni Jumatano, cha kawaida, kisicho na mafuta mengi, na baada ya hapo basi. Maji matupu anaweza kunywa kidogo kidogo hadi saa 1 asubuhi, isipokuwa daktari wako awe amekupa masharti makali zaidi, hapo fuata yake. Na tuelewane: uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Mtindi ni chakula, juisi ya parachichi ni chakula, hata kama vyote vinanywewa kwa kikombe. Anayenyonyesha anayesoma hapa ajue kwamba maziwa ya mama nayo yana muda wake, yakae mbali kwa muda wa saa 4.

Siku moja tulikuwa na mtoto ambaye mama yake aliapa kwamba hajala. Alipopandishwa kitandani, mfuko wa kaptula ulikuwa umetuna. Ndani kulikuwa na nusu andazi, lenye alama za meno. Mama hakudanganya, alipotoka kwenda kuoga, bibi alimhurumia mjukuu. Tulimrudisha nyumbani, akapangiwa siku nyingine, na hakuna aliyegombezwa. Kwa hiyo mkwe wako usimfiche wala usishindane naye. Mkalishe jioni ya Jumatano, mweleze habari ya mapafu kama nilivyokueleza, kisha mkabidhi yeye ulinzi wa jikoni. Bibi wa Kichaga akipewa dhamana, hata dada wa kazi hatapita na kitumbua. Watoto wengine wanywe chai mbali na macho ya mwenzao. Na ikitokea amekula, sema pale pale mnapofika.

Mwambie pia kwamba hii siyo nusu kaputi. Kwenye nusu kaputi mtoto analala kabisa, hajijui. Dawa ya kunywa, na inayotumika sana ni midazolamu, inamfanya awe mlegevu na mwenye usingizi, lakini ukimwita anaitika. Inachukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi. Ganzi atachomwa bado, ila mara nyingi hatakumbuka. Wapo watoto wachache ambao badala ya kutulia hulia na kuhamaki. Inajulikana, inapita, usidhani ameharibiwa.

Hofu ya bibi haina aibu ndani yake, na dawa ya namna hii inastahili heshima. Kwa hiyo uliza kabla ya Alhamisi: daktari akiwa ameinamia jino, nani mwingine yupo anayemtazama mtoto tu? Je, kuna oksijeni, barakoa ya saizi ya mtoto, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni mwilini? Kama jibu ni la kubabaisha, ondoka. Mtoto anayekoroma sana usiku, mwenye mafindofindo makubwa, pumu, selimundu, kifafa au tatizo la moyo ni bora atibiwe kwenye hospitali kubwa yenye timu ya usingizi; huku kwetu ipo KCMC. Yataje yote hayo, pamoja na dawa anazotumia, za hospitali na za kienyeji. Akiamka Alhamisi na mafua au kikohozi, piga simu kwanza. Usimpe dawa ya mafua ili asinzie njiani, maana dozi hupimwa kwa kilo zake na kuongezea kitu kingine ni hatari. Mfuteni rangi ya kucha kama dada zake wamemchezea, kwa sababu ya kile kifaa cha kidole.

Viatu msimdanganye. Akigundua, mtakuwa mmempoteza kwa daktari huyo na kwa wanaofuata. Wa miaka 5 anatosha kuambiwa jioni ya kuamkia siku hiyo, kwa maneno machache: kesho tunakwenda kutibu jino linalokunyima usingizi, utakunywa dawa chungu kidogo, utasikia usingizi, mama nipo. Usimwahidi kwamba hataumia hata kidogo. Na kuanzia leo mtu yeyote nyumbani asimtishe kwa sindano ya daktari akikataa kula au kuoga. Mkalisheni mbele ya kioo na kijiko, mhesabiane meno, zamu yako, zamu yake.

Kuhusu meno ya utoto, magego hayo hung'oka kati ya miaka 9 na 12. Anayo miaka mingi ya kuyatafunia, na usaha wa jino la utoto unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake. (Wasomaji wa Arumeru huniuliza kuhusu meno ya kahawia. Hiyo ni floraidi, iliyo nyingi kwenye maji ya kuzunguka Mlima Meru, nayo siyo kuoza. Jino lenye tundu na maumivu ni jambo jingine.)

Bodaboda hapana, hata kama ni hapo hapo Sakina. Nendeni watu wazima wawili na mrudi kwa gari. Mmoja awe na kazi moja tu, kuangalia kichwa. Mtoto aliyesinzia akiinamisha kidevu kifuani, njia ya hewa inabanwa. Nyumbani alale ubavu, mtu akiwa karibu. Aanze na maji, kisha mtori uliopoa. Mdomo utakuwa na ganzi kwa saa kadhaa, mwangalie asijitafune, wengi huamka na mdomo umevimba kwa kujing'ata. Maumivu yakija ni parasetamoli kwa kilo zake, siyo aspirini. Akiwa haamshiki, anapumua kwa shida, midomo inageuka rangi au anatapika mfululizo, rudini hospitali saa hiyo hiyo.

Siku hiyo asicheze karibu na jiko wala ngazi, na asipande baiskeli. Shule arudi kesho yake, kama hayumbi tena akitembea.