Je, mgandamizo kati ya almasi hubaki uleule kifaa kinapopozwa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa fizikia hapa Dodoma. Ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu ukinzani wa umeme wa metali iliyobanwa kati ya ncha mbili za almasi na kupozwa kwa naitrojeni kimiminika. Je, nikipima mgandamizo kabla ya kupoza, thamani hiyo itafaa pia kwenye baridi?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, haitafaa. Almasi husinyaa kidogo mno inapopoa, ilhali mwili wa kifaa, skrubu na gasketi (kibati chenye tundu kinachoizunguka sampuli kati ya almasi) husinyaa zaidi, kila kimoja kwa kiasi chake, hivyo mgandamizo unaweza kupanda au kushuka kutegemea kifaa kilivyoundwa. Sharti uupime palepale kwenye baridi.

Kipimo cha kawaida ni chembe ndogo ya yakuti inayowekwa kando ya sampuli. Ikimulikwa kwa leza ya kijani hutoa mstari wa mwanga mwekundu ambao, katika joto la chumba, una urefu wa wimbi wa takriban nanometa 694.2, na urefu huo huongezeka kwa nanometa 0.365 hivi kwa kila gigapaskali 1, yaani karibu mara 10,000 ya mgandamizo wa hewa. Tatizo ni kwamba baridi nayo huusogeza mstari huo, tena kwa kuupunguza: hadi kufikia naitrojeni kimiminika hupungua kwa karibu nanometa 0.8, na asiyesahihisha atasoma mgandamizo pungufu kwa zaidi ya gigapaskali 2. Kosa hilo linaweza kuharibu utafiti mzima, kwa hiyo nakusihi ubandike chembe ya pili nje ya gasketi, mahali penye baridi ileile lakini pasipo na mgandamizo, kisha utumie tofauti ya mistari hiyo miwili.

Usiandike kwamba joto la sampuli ni kelvini 77.3, yaani joto ambalo naitrojeni huchemka kwenye usawa wa bahari, kwa kunakili kitabuni. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na naitrojeni huchemka huko takriban kelvini 1 chini ya hapo. Tofauti hiyo haidhuru usomaji wa yakuti, kwani katika baridi kali mstari wake hausogei sana kwa joto, lakini katika grafu ya ukinzani ina maana. Funga kipimajoto kwenye mwili wa kifaa, karibu kabisa na almasi, na kila thamani ya ukinzani uiandike pamoja na joto na mgandamizo wa wakati uleule.