Wasomaji Wauliza: Volti na Ampea Zikijulikana, Omu na Wati Hupatikanaje?

Birika langu la umeme kibandiko kimefutika. Fundi alilipima likiwa limewashwa, akapata volti 240 na ampea 9.2, akaenda zake. Nitajuaje ukinzani wake na wati linazokula? Na mbona jioni huchelewa kuchemka? — Msomaji, Kisauni

Vipimo viwili hivyo vyatosha. Gawanya volti kwa ampea: 240 ÷ 9.2 ni omu 26.1, na huo ndio ukinzani. Zidisha volti kwa ampea: 240 × 9.2 ni wati 2,208. Likiwaka saa nzima mfululizo, tokeni yako itapungua uniti 2.2.

Kuhusu jioni, wengi hudhani wati zilizoandikwa kwenye kifaa hazibadiliki. Kisichobadilika sana ni ukinzani wa koili, ule waya wa ndani unaochemsha maji. Stima ikishuka jioni hadi volti 200, koili ileile ya omu 26.1 itapitisha ampea 7.66 tu, na wati zitakuwa 1,533. Tazama: volti zimepungua kwa asilimia 17 lakini wati kwa asilimia 31. Ni kwa sababu volti zikipungua, ampea nazo hupungua, na wati ni zao la zote mbili. Ndiyo maana hesabu hiyo yaweza pia kufanywa hivi: volti × volti ÷ omu.

Lita 1.7 za maji ya nyuzi 28, ambayo ndiyo hali ya maji ya mfereji mjini kwetu Mombasa, zahitaji jouli 512,000 hivi kufika nyuzi 100. Gawanya kwa wati: sekunde 232 stima ikiwa kamili, sekunde 334 ikiwa dhaifu, bila kuhesabu moto unaopotea hewani.

Kabla ya kulaumu stima ya mtaa, pimeni volti kwenye soketi birika likiwa limezimwa, kisha likiwa limewashwa. Zikiwa 238 kisha zikaporomoka hadi 200 mara tu linapowashwa, ubovu huenda uko kwenye nyaya au maungio ya nyumbani mwako.

Mita ya kubana waya yanisomea sifuri na pasi ni ya moto kabisa. Imekufa? — Mikindani

Umebana waya mzima wa pasi. Mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, mita haioni kitu. Ubane waya mmoja tu, laivu au nyutro. Na kama una mita ya kawaida yenye ncha mbili, usithubutu kuiweka kwenye ampea kisha ukazichomeka ncha kwenye soketi. Hiyo ni shoti, na inaweza kukulipukia mkononi.

Najifunza ufundi. Feni ya dari nimeipima omu 200. Nikifanya 240 × 240 ÷ 200 napata wati 288, lakini kibandiko chasema 75. Nani mwongo? — Likoni

Hakuna mwongo. Mita ikiwa kwenye omu hutumia betri yake, mkondo wa upande mmoja. Stima ya nyumbani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili ya feni, kwa sumaku yake, huuzuia mkondo huo zaidi ya waya wenyewe. Kwa hiyo usihesabu wati za feni, friji wala pampu kwa omu za mita.

Hata volti × ampea haitoshi kwa mota. Feni ikivuta ampea 0.34, zao ni 81.6, lakini hizo ni volti-ampea. Zidisha kwa pawafakta, yaani sehemu ya volti-ampea hizo inayotumika kweli; ikiwa 0.9, wati halisi ni 73, na kibandiko chako kimesema kweli.

Balbu ya waya mwembamba nayo hudanganya wanafunzi. Ya wati 60 huvuta ampea 0.25 ikiwaka, yaani omu 960. Ipime ikiwa baridi uone omu kama 70 tu, kwani ukinzani wa waya wake hupanda sana ukipata moto. Koili ya birika hubadilika kidogo mno, kwa hiyo hapo mita ya omu haikutupi mbali.

Mashine yangu ya kukaangia chipsi, wati 3,000, imeyeyusha plagi ya pili sasa. Fyuzi ya 13 haikatiki. Mbona? — Mama wa viazi, Mwembe Tayari

Mama, fyuzi haina kosa. 3,000 ÷ 240 ni ampea 12.5, chini ya 13. Tatizo ni mguso mbovu kati ya pini na soketi. Ukinzani wa nusu omu tu hapo hutoa 12.5 × 12.5 × 0.5, wati 78 za moto katika sehemu isiyozidi ukucha. Hewa yetu ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, na soketi iliyolegea humalizia kazi.

Zima, chomoa, kata waya uliobabuka hadi uone shaba inayong'aa, kaza skrubu. Badilisha soketi pia. Ukibadilisha plagi peke yake, soketi ya zamani itaichoma hiyo mpya. Kwa mashine ya kufanya kazi kutwa, bora zaidi ni laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi: waya wa milimita za mraba 4, breka ya ampea 20 na swichi yake, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya.

Na kama watumia ekstensheni ya kuviringisha, ikunjue yote. Mita 25 za waya wa milimita za mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina omu 0.57, kwa ampea 12.5 hutoa wati 90 za joto. Ukitandazwa, waya hupoa. Ukiachwa kwenye gurudumu, joto hukosa pa kutokea na plastiki hushikana.